Mlango Uliofunguka Jozani na Barua Isiyovuka Bahari

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nasi tulikuwa watu saba ndani ya gari tukitoka Fuoni kwenda Makunduchi kwenye khitma ya ami yangu. Tulipofika kwenye matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili magari yapunguze mwendo na kima punju wapate kuvuka barabara kwa usalama, nilipanda tuta la pili taratibu, na gurudumu la nyuma liliposhuka nikasikia upepo na sauti ya mvua vikiingia ndani kwa ghafla. Mlango wa kusukuma wa upande wa kushoto, ambao pia hufungwa kwa umeme kwa swichi ya dereva, ulikuwa umefunguka kiasi cha shibiri mbili. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango ule, na mkono wa kwanza uliomfikia ulikuwa wa mama mkwe wangu, ambaye alimkamata kanzu kwa nyuma ya shingo na kumvutia kifuani kwake. Kofia ya mtoto iliruka nje na hatukurudi kuitafuta. Niliposimamisha gari pembeni na kuitazama dashibodi, taa ya kuonyesha kuwa mlango uko wazi haikuwa imewaka.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya aina hii ya viti vinane, yaliyotumika Japani kwa miaka kumi au zaidi kabla ya kushushwa bandarini Malindi. Kampuni iliyotengeneza gari letu sitaitaja, wala aliyetuuzia, kwa sababu nilichojifunza kinawahusu wenye magari ya kampuni zote. Nilijifunza kwamba gari linaweza kuwa limeshaitwa na waliolitengeneza ili lirekebishwe bila malipo, nasi tunaolipanda kila siku na watoto wetu tusiwe na habari yoyote.

Jumatatu yake nilimpelekea fundi wetu. Alifungua kitasa, akakisafisha, akapulizia mafuta, akaufunga na kuufungua mlango mara kumi mbele yangu, na kila mara ulifunga vizuri. Wiki mbili baadaye ukafunguka tena pale Tunguu. Safari hii fundi alisema betri ina nguvu ndogo, nikanunua betri. Mara ya tatu alinishauri tufunge kamba kutoka kwenye mpini wa mlango hadi kwenye nguzo ya kiti, na kwa muda wa wiki tatu nzima tulitembea hivyo, watoto wakipandia na kushukia mlango wa upande wa pili. Nilipomuuliza kwa nini tatizo haliishi, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, magari haya ndiyo kawaida yake."

Hakusema kwa ubaya, na mpaka leo ni fundi ninayemwamini. Lakini neno hilo la kawaida lilinikaa moyoni, kwa sababu nilipolisimulia kwenye chumba cha walimu, mwenzangu mmoja anayeishi Bububu alisema gari la shemeji yake, la aina ileile, lina kamba kama yangu. Mwingine akasema wao walikwishaupigilia ule mlango usifunguke kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa namna nyingine. Ikiwa magari matatu ambayo hayajawahi kukutana, yanayoendeshwa na watu tofauti katika barabara tofauti, yote yanafungua mlango uleule, basi kosa halikuanza kwa dereva wala kwa fundi, bali lilikuja na gari tangu kiwandani. Na kosa la kiwandani lina mahali pake pa kulalamikia.

Mafundi wengine hapa huliita jambo lenyewe rikoli, na mimi nimelizoea kuliita wito wa marekebisho. Kampuni ikigundua kuwa kifaa fulani katika magari yake kina hitilafu inayohatarisha maisha, au ikilazimishwa na serikali kukiri hivyo, huwaandikia wenye magari barua, huwaita, na kulirekebisha gari bila ya kuwatoza. Nchini Marekani mamlaka ya usalama barabarani, inayojulikana kwa herufi za NHTSA, ina uwezo huo kwa sheria iliyoanzia mwaka 1966, na malalamiko ya wenye magari ni miongoni mwa vitu inavyovitegemea ili kuanzisha uchunguzi. Mzazi anaandika kwamba mlango umefunguka, mwingine katika jimbo jingine anaandika vivyo hivyo, na malalamiko yakishakuwa mengi wataalamu wanakaa chini kutafuta sababu. Kwa hiyo lalamiko la mwenye gari ni ushahidi, na asiyelalamika amezuia sehemu ya ushahidi huo hata kama hakukusudia.

Uzito wa malalamiko hayo unaonekana zaidi pale yanapofichwa. Mwaka 2000, huko Japani, kampuni ya Mitsubishi Motors ililazimika kukiri kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ikiyaficha malalamiko ya wateja wake ili serikali isiyaone, na badala ya kutoa wito wa wazi ilikuwa ikiyarekebisha magari kimyakimya. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kamba ya mlango wetu. Sisi hatukuwa na wa kutufichia malalamiko yetu, kwa kuwa tulikuwa tukiyaficha wenyewe kwa kuyaita kawaida.

Nilitafuta pia kama milango ya namna hii imewahi kusababisha wito mahali popote, na nikakuta habari ya gari la familia aina ya Toyota Sienna linalouzwa Marekani. Mwezi wa Novemba 2016 yaliitwa magari ya aina hiyo yanayokaribia 744,000 nchini humo, yaliyotengenezwa kuanzia modeli ya mwaka 2011 hadi 2016, na sababu yake ilinifanya niisome mara mbili. Mlango wa pembeni unaofunguliwa kwa mota ukizuiwa na kitu wakati unajaribu kufunguka, mota huzidiwa, fyuzi inakatika, na ikitokea fyuzi imekatika wakati ndimi za kitasa zimeshaachia, mlango hubaki haukushikwa na chochote na unaweza kufunguka gari likiwa linakwenda. Gari letu si la aina hiyo wala la miaka hiyo. Hata hivyo, nilitoka nje na mswaki wa zamani na taa ya simu, nikaanza kusafisha reli ya mlango wetu, na humo nikatoa mchanga mweupe wa Paje uliojaa nusu ya kiganja, makombo ya biskuti, sarafu ya shilingi mia mbili na kutu iliyokuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu. Mlango ambao kwetu unasukuma mchanga na kutu kila siku hauwezi kulinganishwa na ule uliopimwa kiwandani.

Chumvi nayo ina historia yake katika magari haya. Mwaka 2010 Sienna nyingine, za modeli za mwaka 1998 hadi 2010, ziliitwa katika majimbo ya baridi ya Marekani ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, kwa sababu waya unaoshikilia gurudumu la akiba chini ya gari ulikuwa ukiliwa na kutu hadi unaweza kukatika na kuliangusha gurudumu barabarani. Wale waliitwa kwa sababu ya chumvi inayomwagwa kwa miezi michache ya baridi. Sisi chumvi tunaletewa na upepo wa bahari mwaka mzima, na sijamwona mtu hapa akilala chini ya gari kuukagua waya wa gurudumu la akiba. Mimi sasa nalala, mara moja kila baada ya miezi mitatu, juu ya mkeka mkuukuu.

Swali lililofuata lilikuwa moja tu, nalo ni kama gari letu lenyewe limewahi kuitwa. Hapa nilipoteza siku kadhaa kwa kutokujua jambo dogo, ambalo nalieleza ili mwingine asipoteze muda wake. Magari yanayouzwa Marekani, Ulaya na nchi nyingi nyingine yana namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, na kurasa nyingi za kutafutia wito hudai namba hizo 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba ya chasisi iliyo fupi, yenye sehemu mbili zinazotenganishwa na kistari: sehemu ya kwanza ni ya herufi na tarakimu zinazotaja aina ya gari, na ya pili ni namba yake ya pekee. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa Kimarekani utaambiwa gari hilo halipo, na ni rahisi mtu akadhani kwamba maana yake ni kuwa gari halina tatizo. Pa kuitafutia ni katika ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyolitengeneza gari, ambako kuna visanduku viwili, kimoja kwa kila sehemu ya namba. Sijui kusoma Kijapani, lakini programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kuyaelekezea kamera ilinitosha.

Namba niliyotumia kwanza niliitoa kwenye kadi ya gari na majibu hayakuja. Mume wangu ndiye aliyependekeza tuisome kwenye bamba lenyewe, tukainua boneti, tukapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na tukaona kwamba kwenye kadi tarakimu ya 8 ilikuwa imeandikwa 3. Nilipoingiza ile sahihi, ukurasa ulileta mistari miwili. Mstari wa kwanza ulihusu mfuko wa hewa wa mbele, ule unaojaa ghafla gari linapogonga, na pembeni yake kuliandikwa kwamba kazi imeshafanyika. Wa pili ulihusu kitasa cha mlango wa pembeni, kwamba kinaweza kushindwa kujifunga sawasawa, na pembeni yake kuliandikwa kwamba kazi haijafanyika. Nilikaa pale mezani nikiutazama mstari ule wa pili kwa muda mrefu. Kisha nikatoa karatasi ya kusafirishia gari kutoka Japani, nikalinganisha tarehe, na nikaelewa kila kitu: wito wa mlango ulitolewa miezi minne baada ya gari letu kuondolewa kwenye daftari la magari ya kwao. Barua ilikwenda kwa mtu aliyekwisha kuliuza, na gari wakati huo lilikuwa linabeba watoto Fuoni. Wito humfuata aliyeandikishwa katika nchi ile. Gari likishapanda meli, barua haina pa kwenda.

Ule mstari wa kwanza nao ulinifafanulia jambo nililoliona kwa miaka bila kulijua. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karibu na chuma kinachoshikwa na kitasa, kuna kistika kidogo cha duara chenye namba, ambacho binti yangu aliwahi kuanza kukibandua nikamkataza kwa sababu tu sikutaka alama ya gundi. Ni alama kwamba kazi ya wito ilifanywa huko Japani. Leo nikitazama gari la mtu hukitafuta kwanza.

Nitakaa kidogo kwenye mifuko ya hewa, kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa visiwani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kujazia mifuko hiyo kwa kutumia kemikali ya amoniamu nitrati, na vifaa vyake vikafungwa katika magari ya kampuni nyingi. Kemikali hiyo, isipowekewa dawa ya kunyonya unyevu, hubadilika taratibu kwa miaka inapopata unyevunyevu pamoja na joto linalopanda na kushuka. Vidonge vyake hudhoofika, na siku ya ajali huungua kwa kasi kuliko inavyotakiwa, kopo la chuma linapasuka, na vipande vyake vinampiga dereva au abiria usoni na shingoni. Nchini Marekani peke yake vimeitwa vifaa takriban milioni 67, wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ya nchi hiyo, na watu zaidi ya 20 wameuawa huko na vipande hivyo. Takata ilifilisika mwezi wa Juni 2017. Waliopewa kipaumbele katika matengenezo walikuwa wakaazi wa Florida, Hawaii, Puerto Rico na maeneo mengine yenye joto na unyevu. Mwenye kuishi Unguja wakati wa kaskazi, ambapo nguo iliyofuliwa usiku huamka na unyevu na gari lililoegeshwa juani haligusiki, hahitaji kuelezwa hali ya hewa hiyo ikoje.

Serikali ya Japani ilianza mwezi wa Mei 2018 kuyakatalia cheti cha ukaguzi wa lazima magari yenye vifaa vya hatari vya namna hiyo ambavyo havijabadilishwa. Ni hatua nzuri kwa watu wao. Lakini mtu akifikiri kidogo ataona kwamba gari lisiloweza kupita ukaguzi kwao bado linaweza kuwa na thamani kwa mnunuzi wa ng'ambo, na kwa hiyo mnunuzi huyo ndiye anayepaswa kuuliza kabla ya kulipa. Vilevile naona vibaya sana tabia ya kununua usukani au dashibodi ya mtumba yenye mfuko wake wa hewa, kutoka katika gari lililovunjwa, na kuufunga katika gari jingine. Namba ya chasisi inakuambia habari za gari lako, na haiwezi kukuambia habari za mfuko uliotoka katika gari la mtu mwingine. Nimeshaona pia gari ambalo taa ya onyo ya mfuko wa hewa ilizimwa kwa kuchomoa balbu yake, na mwenyewe alifurahi kwamba tatizo limekwisha.

Nikirudi kwenye mlango wetu, nilimpigia simu wakala wa kampuni upande wa Bara. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema gari hilo hawakuliingiza wao na kwa hiyo haliwahusu. Kwa upande wa biashara nilimwelewa. Kwa upande wa usalama sikukubaliana naye, kwa sababu aliyelitengeneza ni mmoja, awe amelileta nani. Niliandika kwa makao makuu ya kampuni, na jibu lilichukua wiki tano. Walitaka tarehe za matukio, kilomita, hali ya barabara, picha ya bamba la chasisi na picha ya kitasa.

Hapo ndipo daftari liliponisaidia. Baada ya siku ya Jozani nilikuwa nimechukua daftari la skuli la kurasa 48 na kuandika kila tukio siku hiyohiyo, na ukurasa wa kwanza unasomeka hivi: "Jumamosi, mvua. Kilomita 118,420. Baada ya tuta la pili Jozani, mwendo mdogo. Mlango wa kushoto umefunguka shibiri mbili. Taa ya mlango haikuwaka. Mtoto hakuumia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa swichi ya dereva, si kwa mkono." Sentensi ile ya mwisho niliiandika bila kujua thamani yake. Matukio yote matatu yalitokea baada ya mlango kufungwa kwa swichi, na hilo ndilo lililowafanya waache kuniuliza kama mlango ulifungwa vibaya na watoto. Waliniagiza niizime kabisa swichi kuu ya milango ya umeme, tuufunge mlango kwa mkono hadi kifaa kipya kifike, na mtoto asikae kiti kile. Tuliifungua ile kamba. Sikujua kabla ya hapo kwamba ingekuwa hatari yenyewe kama gari lingeshika moto au kupinduka.

Kitasa kipya kilikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam kikiwa ndani ya boksi, bila malipo. Ufundi tuliulipia wenyewe, kwa sababu kulivusha gari kwenda na kurudi kungegharimu zaidi. Fundi wetu alikifunga akiwa na karatasi ya maelekezo mkononi, na alipomaliza alikata vipande vya gazeti, akavibana kimoja kimoja kati ya mlango na raba kuzunguka pande zote, na kuvivuta ili kuhakikisha kila upande umeshika. Kimoja cha chini kilitoka kwa urahisi. Alifungua tena, akarekebisha nati mbili, akarudia. Kisha aliniomba nimwonyeshe ule ukurasa wa Kijapani unavyotumika, na jioni ile tuliingiza namba za magari manne yaliyokuwa gereji kwake. Mawili hayakuwa na kitu, moja lilikuwa na kazi iliyokwisha kufanywa, na la nne lilikuwa na wito ambao mwenyewe hakuujua.

Nimeyapeleka maelezo haya pia kwa ndugu zangu wa Pemba. Kaka yangu wa Wete, ambaye gari lake ndilo linalobeba wagonjwa wa mtaa wao usiku hadi Chake Chake, alikuta kwamba pampu ya mafuta ya gari lake imeitwa, kwa kuwa inaweza kuizimisha injini gari likiwa barabarani. Alikuwa amekwishazimikiwa mara mbili katika vilima vya njia ile na alidhani ni mafuta machafu. Ameandika barua yake mwezi uliopita, na jana alinipigia kuniambia wamemjibu wakimwomba kilomita na tarehe. Zile mara mbili hakuziandika popote, kwa hiyo amekwenda kuwauliza wale waliokuwa abiria wake, na mmoja wao anaikumbuka tarehe kwa sababu ndiyo siku aliyojifungua.